Karatasi ya Bwana Pipa

12 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa muda wote huu bila kukuandikia. Sanduku lilifika Novemba, leo ni Februari, na hata ahsante hujaipata. Barua niliianza mara mbili. Ya kwanza Kibonge aliitapikia. Ya pili niliandika "Kaka yangu" nikalala hapohapo mezani, nikaamka na wino shavuni. Ungesema nipige simu, lakini wewe kwenye simu unaongea peke yako, mimi nabaki kuitikia tu kama niko darasani.

Mota ni nzuri. Imekaa kwenye boti kama ilizaliwa nayo. Siku ya kwanza niliporudi kazini baada ya uzazi, wale mafundi wa pampu walisimama gatini wakaniuliza, "Mama Kibonge, imewaka kweli? Mbona haipigi kelele?" Nikawaambia hii ni mota yenye adabu. Mpima Maji, yule dada anayechota maji ya bwawa kwenye chupa kila siku, alisema kwa utulivu huu sasa atawasikia hata samaki wakimsengenya.

Lakini kaka, betri haikai na chaji. Naona vibaya kukwambia, maana mmeiandaa wenyewe kwenye karakana yenu na ofisi ilinunua kwa neno langu. Tarehe ishirini na moja Januari iliniishia majini mchana kweupe, narudi kutoka nyumba ya pampu, nina watu watatu ndani: mafundi wawili na Mpima Maji. Tulikuwa na kasia moja tu. La pili tulilifanya kwa kifuniko cha sanduku la chupa. Upepo ulikuwa usoni. Ilituchukua zaidi ya saa nzima kufika ng'ambo, na Msimamizi alikuwa amesimama gatini anatusubiri. Akauliza mbele ya wote, "Kuna nini?" Nikasema ni betri.

Tangu siku hiyo tunavuka kwa makasia. Mota ya petroli hairuhusiwi hapa, si unajua, maji haya ndiyo yanayonywewa na mji mzima. Msimamizi amesema kama umeme umeshindwa, kazi ya boti atampa mwanaume mwenye mabega, mimi nirudi kufagia ofisi.

Ulisema ndani ya sanduku kungekuwa na karatasi ya maelezo. Sikuiona.

Naomba betri nyingine iliyo nzima. Shemeji yako bado yuko huko kwenye kazi ya barabara, anakusalimu. Mama mkwe anasema Kibonge ana kichwa chako. Nimemwambia asimtukane mtoto.

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado nimechemka. Katikati ya bwawa! Na kasia moja! Ungezama ningemwambia nini mama?

Nikueleze jinsi tunavyofanya hapa ili ujue kosa liko wapi. Kila betri inayotoka karakanani kwetu hupita kwa mtu mmoja tu, tunamwita Bwana Pipa. Ana pipa la maji nyuma ya jengo. Anatumbukiza mota ndani ya pipa, anaiunga na betri, anaweka kiti na saa ya ukutani aliyoing'oa ukutani kwa Bosi, halafu anakaa. Leo namba moja, mwendo wa chini kabisa wa mota, mpaka betri ifike mwisho. Anaichaji. Kesho namba mbili. Keshokutwa namba tatu. Siku tano kwa betri moja, mdogo wangu! Tunamwambia, "Pipa, mke wako alipita majaribio ya siku ngapi?" Yeye anatikisa kichwa na kuandika. Akimaliza anaorodhesha saa za kila namba kwenye karatasi, anaifunga juu ya betri kwa uzi mwekundu.

Nimemfuata nikamuuliza, "Karatasi ya dada yangu uliifunga?"

Akasema, "Niliifunga."

Nikamwambia, "Dada yangu hakuiona."

Akanitazama tu, hakusema kitu. Mtu asiye na kosa angebisha. Nimepeleka habari kwa Bosi, na Bosi amemtoa kwenye majaribio mpaka jambo lieleweke. Sasa amewekwa mbele kupokea wateja, kazi asiyoijua kabisa. Jana amemwambia mteja mmoja ukweli kuhusu chaja aliyotaka kununua. Mteja ameondoka.

Bosi ananilazimisha nikuulize, na usikasirike: unaendesha kwa namba ngapi? Kwa sababu namba tano inakula umeme mara sita ya namba mbili, na boti haikimbii hata mara mbili. Boti ikishafika mwendo wake, nguvu unayoongeza inaishia kutengeneza mawimbi na kupasha nyaya moto. Na je, ilipoisha uliichaji siku hiyohiyo? Betri ya aina hii ikilala tupu inajifia yenyewe.

Mimi nimemwambia Bosi, dada yangu ni mtu ambaye hata chumvi anaionja mara tatu. Jibu haraka nimwonyeshe. Na hiyo mbovu itume na lori la ofisi.

Kichwa changu nakihitaji, mwambie mama mkwe asikigawe.

Kaka yako

*

1 Machi

Kaka,

Nisamehe tena kwa kuchelewa. Jino la kwanza limetoka, na nyumba nzima hatujalala.

Natumia namba mbili. Upepo ukiwa mkali, tatu. Mwambie Bosi hivyo.

Niliichaji, ndiyo. Haikushika. Nimempa dereva wa lori, itakufikia.

Huyo Bwana Pipa usimkaripie sana. Labda uzi ulikatika njiani. Labda karatasi ilidondoka walipokuwa wanapakua, vitu hudondoka. Ana watoto?

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Betri imefika na imekufa kweli. Bosi aliifungua mwenyewe. Sahani za ndani zimeganda weupe kama chumvi. Tulikuwa tumeizunguka wote mezani, na Bwana Pipa akatoka huko mbele kwa wateja akaja kuchungulia juu ya bega langu. Akasema taratibu, kwa sauti yake ile ya mtu anayejisomea, "Hii haikutoka hapa hivi. Hii imelazwa tupu wiki nyingi."

Nikamgeukia. Nikamwambia, "Unataka kusema dada yangu mwongo?"

Akasema, "Mimi nasema habari za betri."

Mdogo wangu, nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya wote kwamba wewe hujawahi kunidanganya tangu uzaliwe. Nikawasimulia ile habari ya utotoni, ulipovunja dirisha la jirani na hakuna aliyekuona, ukaenda mwenyewe kugonga mlango wake. Nikamwambia, "Huyo ndiye dada yangu. Wewe ni nani?" Bwana Pipa akarudi mbele, akakaa kwenye stuli yake.

Bosi anasema hawezi kuweka kwenye majaribio mtu anayesukumia lawama kwa mteja. Mwisho wa mwezi Bwana Pipa anaondoka.

Umeuliza kama ana watoto. Ana mapacha wa miaka minne. Mimi pia sifurahi, lakini kazi ni kazi, na wewe nusura uzame.

Betri mpya inakuja na lori la wiki hii. Nimeichaji mimi mwenyewe. Saa sijakuandikia maana mimi si wa kukaa na pipa siku tano. Wewe endelea tu na namba mbili zako.

Kaka yako

*

29 Machi

Mdogo wangu,

Kulikoni? Dereva anasema betri ameikabidhi mkononi mwako, na kwamba ulimwambia ahsante ukiangalia pembeni. Simu nimepiga mara tisa. Mama mkwe amepokea ya tisa, akaniambia uko kazini, nyuma yake nikakusikia ukimwimbia mtoto.

Nimekukosea wapi?

Keshokutwa Bwana Pipa anarudisha funguo. Saa ya ukutani ameshaipachika mahali pake.

Kaka yako

*

4 Aprili

Kaka yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya, na nisamehe zaidi kwamba barua hii itafika Bwana Pipa akiwa ameshaondoka. Ilipaswa kufika kabla. Ilipaswa kuandikwa tarehe ishirini na moja Januari. Isome peke yako kwanza. Nitakwambia sehemu ya kusoma kwa sauti.

Karatasi ilikuwemo.

Ilikuwa juu ya betri, imefungwa kwa uzi mwekundu, mafundo mawili. Niliifungua mwenyewe Novemba nikiwa na tumbo la miezi minane na nikaisoma yote. Ninaikumbuka kwa moyo. Namba moja, saa kumi. Namba mbili, saa saba. Namba tatu, saa nne na nusu. Namba nne, saa mbili na robo. Namba tano, saa moja na dakika kumi. Chini ameandika: "Ikifika nusu, rudi ukachaji. Tano ni ya hatari, si ya haraka." Niliikunja nikaiweka mfukoni mwa gauni langu la ujauzito. Leo imo ndani ya bahasha hii.

Sasa nikueleze, na wewe ni kaka yangu, haya ninayokwambia mdogo wa kike hamwandikii kaka yake. Nimejaribu kuyazunguka na sioni njia.

Nilirudi kazini mtoto akiwa na wiki tano. Ananyonya tu, chupa hataki hata kuiona, mama mkwe amejaribu mpaka na kijiko. Nyumba ni hatua mia mbili kutoka gatini. Kuvuka kwa namba mbili ni dakika ishirini na tano. Kwa namba tano ni kumi na tano. Hizo dakika kumi, kaka. Nikifika mapema ninakimbia nyumbani, nanyonyesha nimesimama mlangoni, narudi kabla Msimamizi hajatoka nje. Nilianza na safari ya mchana tu. Halafu na ya asubuhi. Katikati ya Januari nikaongeza na nyingine, na siku ile ya ishirini na moja nilizungusha mpini hadi mwisho kila safari, kwenda na kurudi, na karatasi nikiijua. Nilikuwa najiambia, kesho nitarudi kwenye mbili. Unajua kesho ya mtu aliyechoka ilivyo.

Siku ile mvuko wa sita ndio uliotushinda. Nimehesabu baadaye. Mivuko mitano kamili, na dakika tano za wa sita. Saa moja na dakika ishirini. Bwana Pipa alikosea kwa dakika kumi tu.

Mota haikuzima ghafla. Ilipunguza, ikapunguza, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, halafu propela ikasimama na tukasikia maji. Tukaanza kupiga kasia. Mtoto alikuwa hajanyonya tangu saa nne asubuhi, na sasa ilikuwa inakwenda saa nane mchana. Kifua kilikuwa kimekuwa jiwe. Nikawa nasikia kilio chake masikioni ingawa ng'ambo ilikuwa mbali, na mwili nao ukasikia. Maziwa yakatoka. Gauni likalowa mbele yote mpaka kiunoni, na mikono yangu yote miwili iko kwenye kasia, siwezi kujifunika. Fundi mmoja wa pampu aligeuka akaangalia upande wa pili, Mungu ambariki. Yule mwingine akasema, "Mama Kibonge, kumbe boti inavuja?" Nikacheka. Kaka, nilicheka nao. Mpima Maji peke yake hakucheka, akanitupia kitambaa chake cha kufutia chupa.

Tukafika. Gatini walikuwa watu labda kumi, na wote wanatazama mahali pamoja. Msimamizi akauliza, "Kuna nini?" Nikaona nikisema namba tano atauliza kwa nini, na sababu yenyewe ilikuwa imelowa mwilini mwangu pale mbele ya watu. Nikasema, "Betri. Wametuuzia betri mbovu." Na macho yao yote yakahama. Yakatoka kwangu yakaenda kwenye betri. Ilikuwa nafuu kama kupewa shuka. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Sasa baya lenyewe, na hili usisome kwa mtu isipokuwa Bwana Pipa akitaka kulijua. Jioni ile chaja ilikuwepo na umeme ulikuwepo. Nilishika waya mkononi. Nikafikiri, nikiichaji itajaa, na ikijaa asubuhi Msimamizi ataona ni nzima. Nikauweka waya chini. Wiki tatu na zaidi ilikaa chini ya rafu ya makasia, na kila nikipita naijua inavyokufa. Niliiacha ife ili neno langu liwe kweli. Barua ya kwanza nilichelewesha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya matapishi ya Kibonge. Nilikuwa namsubiri shahidi wangu afe vizuri.

Halafu ukaniandikia habari ya dirisha la jirani. Nilisoma nikiwa natembea, nikakaa chini njiani. Yule msichana aliyegonga mlango simjui alipotea wapi. Nadhani alikuwa analala usiku mzima.

Kabla ya kuandika haya nimekwenda kwa Msimamizi. Nikamweleza namba tano, na dakika kumi, na kwa nini. Nilisema neno "kunyonyesha" na yeye akaanza kupanga kalamu zake. Akasema atanipa barua ya onyo. Nikamwambia anipe, ni haki yangu. Nikamwambia pia kwamba nahitaji saa moja mchana ya kwenda kwa mtoto wangu, na safari ya saa sita iondoke saa saba, na kwamba sitavuka tena kwa namba tano kwa ajili ya mtu yeyote, hata mwanangu. Akasema, "Ungeniambia tangu mwanzo." Nikamwambia, "Wewe ungeniuliza?" Barua ya onyo nimeisaini. Saa moja nimeipata. Boti bado ninayo, mpaka nikosee tena.

Sasa, kaka, sikiliza, na hapa si mdogo wako anayeomba. Chukua karatasi hii iliyomo humu na uipeleke kwa Bosi leo. Wakusanye walewale uliowasimulia habari ya dirisha, mezani palepale. Soma kuanzia "Karatasi ilikuwemo" mpaka "si ya haraka." Habari ya gauni usisome. Halafu sema kwa mdomo wako kwamba dada yako alisema uongo, mara tatu, kwa maandishi. Ukishamaliza, mtafute Bwana Pipa. Usimpigie simu, maana utaongea peke yako. Nenda.

Nakupenda, na sijui kama utanijibu.

Mdogo wako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Siku nne sikuweza kukuandikia. Ya kwanza kwa hasira, tatu zilizobaki kwa aibu, na aibu ilikuwa yangu, usiniibie.

Nimesoma kama ulivyosema, mezani palepale. Nilipofika "si ya haraka" sauti ilinikatika na fundi wa nyaya akadhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni. Bosi aliichukua ile karatasi akaiangalia mbele na nyuma, akaiweka mfukoni. Akasema, "Nenda kamlete. Wewe uliyemtoa."

Bwana Pipa anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Nilimkuta kwenye ngazi anawakata kucha mapacha, mmoja amemshika kwapani kama anakagua mkungu wa ndizi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikasimama. Nikasema yote. Maneno yako niliyokatazwa kusoma sikusema, ila nilimwambia kulikuwa na sababu ya mama na mtoto. Akamaliza vidole vitano vya mguu kabla ya kujibu.

Akasema, "Betri naipa siku tano. Mimi ulinipa barua moja."

Nilimtetea mtu niliyemjua bila kuuliza, na nikamwangusha mtu niliyekaa naye meza moja miaka sita, bila kuuliza vilevile. Ningelichukua lile swali la Bosi kwa uzito, unatumia namba ngapi, ningekuja huko na lori nikapanda boti yako siku moja tu. Lakini niliona ni kukutukana.

Amerudi jana. Kwa Bosi alikuwa na sharti moja: saa ya ukutani. Bosi amemshushia mwenyewe. Na mimi hanisemeshi, ananipa vitu kwa kuviweka mezani badala ya mkononi. Ni haki yake. Namletea maji ya kujazia pipa kila asubuhi.

Ila leo ameniita, akanipa ujumbe nikufikishie, na nauandika kama alivyousema: "Mwambie dada yako zile dakika kumi zimenisumbua. Mimi sijawahi kupanda boti. Pipani mota haiendi popote, inazungusha maji yaleyale. Mimi nilikuwa nawaandikia watu saa za pipa kama saa za bwawa. Mwambie anipimie. Watu wangapi, upepo upo au haupo, namba ngapi, betri imeshuka kiasi gani. Aniandikie mimi, asipitie kwako."

Basi mwandikie. Na mimi ukipata nafasi.

Hilo la betri na shahidi nimelikata kutoka kwenye barua yako kwa mkasi, nimemwachia Bwana Pipa kwenye bahasha iliyofungwa. Sijui kama ameifungua.

Kaka yako

*

5 Mei

Kwa Bwana Pipa,

Samahani kwa kukusubirisha wiki tatu. Safari hii sikuwa najificha. Nilikuwa napima, na wewe ungeniuliza kwa nini nimepima siku moja tu.

Sijui mtu anamwombaje radhi mtu ambaye hajawahi kumwona. Nimekuwa nikikuwaza na uso wa kila mtu ninayevuka naye. Nilijua karatasi yako ni ya kweli, na nikamwacha kaka yangu aniamini mimi. Uliondoka kazini kwako na watoto wawili nyumbani kwa sababu mimi niliona haya mbele ya watu kumi. Siombi usahau. Nakwambia tu kwamba ni mimi, si uzi, si dereva, si wewe. Na ile bahasha iliyofungwa, ukiisoma au usipoisoma, yaliyomo ni kweli.

Vipimo ni hivi. Namba mbili, watu wanne pamoja nami, maji yametulia: mivuko minane ya siku nzima, saa tatu na dakika ishirini majini, na jioni betri bado iko juu kidogo ya nusu. Siku tatu mfululizo ilikuwa hivyo. Namba mbili na upepo usoni, mvuko unakuwa dakika thelathini na tano, na siku hiyo ilifika nusu kabla ya mvuko wa mwisho, nikaizima kama ulivyoandika, tukamalizia kwa makasia, na mafundi wa pampu wakapiga makasia wao, mimi nikashika usukani. Yule wa utani aliniuliza, "Leo haivuji?" Nikamwambia, "Haivuji, ila wewe piga kasia." Akapiga.

Namba tatu inasaidia upepo ukiwa wa kati, zaidi ya hapo naona inakula tu. Nne nimejaribu mara moja, dakika sita pekee ilizookoa. Tano sijaigusa. Mpima Maji ameipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye mpini, juu ya namba yenyewe. Nilimwambia siihitaji. Akasema si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya kesho yako.

Jambo moja ambalo pipa halikukwambia: majani ya bwawa yanajisokota kwenye propela, na mota inavuta umeme mwingi zaidi kwa namba ileile, bila mtu kuongeza chochote. Niligundua kwa sababu siku moja betri ilikuwa imeshuka robo nzima kwa mivuko miwili tu, na nilijua safari hii si mimi. Nikasimama, nikainua mota, nikatoa majani, nikaendelea. Liandike.

Betri naichaji kila jioni, hata iwe imetumika kidogo. Nikiunga waya huwa nasimama pale mpaka taa iwake, halafu ndipo naenda kwa mtoto. Sasa ana meno manne na anaanza kukubali uji.

Mwambie kaka nitamwandikia Jumapili. Na akikuletea maji, mpokee kwa mkono japo mara moja. Ni mjinga, lakini ni mjinga wangu, na kosa lake lilianzia kwangu.

Mama Kibonge

Ninavyohitaji bado, kwa lori la Ijumaa:

Brashi ya waya ya kusugulia vichwa vya betri, ile ndogo.
Maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, chupa mbili.
Pini za propela, tatu, maana majani yamenivunjia moja.
Kipima cha maji ya betri, kile cha kioo chenye boya ndani, nikome kubahatisha nusu kwa taa za chaja.
Kasia moja la ziada, la kimo changu.
Na karatasi ya betri hii mpya, iliyoandikwa na wewe mwenyewe, saa za namba zote tano ukishalinganisha za pipa na za bwawa, pamoja na yale maneno ya chini, imefungwa kwa uzi mwekundu. Ikifika nitakuandikia siku hiyohiyo kwamba nimeiona.